Sura ya Saba: Mkia Uliokataa Kushuka

Kwato hazikuwepo. Inspekta Zilpa Oduol wa kitengo cha wizi wa mifugo alikuwa ameitembea njia ya ng'ombe kutoka Mbalibali hadi Kisaka, akarudi kwa upande wa pili wa korongo, akiinama mpaka kiuno kikaanza kumnung'unikia, na alichopata ni nyayo za mbuzi, mavi ya punda na kandambili moja iliyokatika. Mitamba watatu hawapiti kwenye udongo wa mvua bila kuacha alama. Basi hawakupita porini. Na kama hawakupita porini, walipita barabarani, kwenye kizuizi cha sungusungu, mbele ya macho ya Marwa, mlinzi wa zamu, na hilo ndilo jibu ambalo Zilpa hakulitaka.

Kizuizi chenyewe kilikuwa gogo la mkaratusi lililolazwa juu ya mapipa mawili. Kila kizuizi kina sheria yake, na hiki kilikuwa na sheria ya ajabu kidogo: walinzi wake hawakufunua turubai usiku. Waliwahi kufunua, mwaka uliopita, wakidhani wamenasa wezi, wakakuta jeneza na mjane amelilalia. Kijiji kikatoa mbuzi wa kutakasa, lakini aibu ile haikuisha na mbuzi. Wazee wakasema tafuteni njia nyingine. Njia ikatoka kwa Marwa, aliyewahi kuwa utingo wa lori. Msifunue, aliwaambia wenzake, chuchumaeni mtazame mkia. Gari lenye mzigo hukaa chini nyuma. Mkia ukishuka, simamisha uite wazee. Mkia ukiwa juu, inua gogo, mtu aende zake.

Usiku wa wizi, pikapu nyeupe ilifika na turubai lake, dereva mgeni, mkia juu. Marwa akainua gogo. Asubuhi zizi la bibi Mogesi lilikuwa tupu. Pikapu ilikuja kukutwa imetelekezwa kwenye mikaratusi karibu na Sirari, namba za bandia, namba ya chesisi imesagwa, na mavi ya ng'ombe yamekaukia kwenye kona za bodi. Mkuu wa Zilpa hakuhitaji kufikiri sana. "Mlinzi amekula," alisema, akafunga jalada kwa kiganja.

Huenda. Lakini Marwa alikuwa amehojiwa mara nyingi na neno lake halikuhama hata kidole. Niliinua gogo. Mkia ulikuwa juu. Mwongo angesema alisinzia, au alitishiwa panga. Ndiyo maana Zilpa alikwenda kutafuta kwato porini: kama gari lilipita tupu kweli, ng'ombe walipitishwa porini wakapandishwa baada ya kizuizi. Sasa njia hiyo ilikuwa imekufa, naye alikuwa na matope hadi magotini.

Alipanda hadi kwa Mogesi. Bibi alikuwa peke yake uani, akipepeta ulezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepata?"

"Bado."

"Basi kaa. Hata ambaye hajapata anakaa."

Zilpa akakaa kwenye kigoda. Mitamba wale walikuwa mahari. Mogesi alifiwa na mume bila kupata mtoto, na sasa uzeeni alikuwa anaoa mwanamke mwenzake, kama mila inavyomruhusu: binti aitwaye Boke angeingia nyumba ile, angezaa, na watoto wangeitwa kwa jina la nyumba. Zilpa, Mjaluo wa Rorya, miaka yote aliyokaa na Wakurya ilikuwa imemfundisha asiulize maswali ya kijinga kuhusu jambo hilo.

"Baba yake Boke anasemaje?"

"Anasema atasubiri. Lakini nasikia kuna watu wengine wanaenda kwake kunywa chai." Bibi alipuliza makapi. "Mimi sitaoa tena, mwanangu. Nani ataniuzia mitamba wengine na umri huu?"

"Usiku ule ulisikia gari?"

"Nilishasema kwa yule polisi wa kwanza."

"Niambie mimi kama sijui kitu."

Mogesi aliuweka ungo chini. "Ilikuja na kelele. Ga-ga-ga-ga, kama mtu anamwaga masufuria. Kila shimo inaruka. Nikasema hiyo ni gari mbovu ya mchanga, nikageukia upande wa pili. Baadaye ikarudi."

"Na kelele zake?"

"Hapana. Ilirudi polepole, kimya. Nikasema kumbe wameitengeneza."

Bibi alicheka, kicheko kisicho na furaha yoyote ndani yake. Zilpa hakucheka. Gari lilikuja likipiga kelele na kuondoka kimya. Magari aliyoyajua hufanya kinyume: tupu hunyamaza, ukilipakia ndipo linaanza kulalamika.

"Kesho iritongo inakaa," Mogesi alisema. "Unajua?"

Alijua. Baraza la kijiji lingekaa chini ya macho ya wote na mwizi angetajwa, awepo asiwepo. Anayetajwa hutengwa. Hapigwi, hafungwi, hasalimiwi tu. Hapewi moto, hachangiwi msiba, ng'ombe wake hawanyweshwi pamoja na wa wenzake. Zilpa aliwahi kumwona mtu aliyetengwa, amekaa sokoni na nyanya zake mbele yake mpaka zikaoza, watu wakipita kama hapo pana jiwe. Mahakama inaweza kumwachia mtu. Iritongo haina rufaa.

"Wewe unaamini Marwa alikula?"

"Mura yule, kijana wa watu, ananichotea maji tangu mume wangu afe. Hajawahi kuniomba hata kikombe cha maziwa." Mogesi aliuchukua ungo tena. "Lakini wakimtaja, nitamwambia ndoo aiache mlangoni aende. Nikimsalimia na mimi natengwa. Mimi tayari niko peke yangu. Siwezi kuongezewa."

*

Pikapu ilikuwa imeegeshwa kwenye ua wa kituo, Tarime mjini, nayo ilikuwa imegeuka kivutio. Wanaume wa mji huu hawawezi kuona gari limesimama wakalipita. Kila aliyeingia uani kwa shida yake alilipiga teke tairi na kutoa hukumu. Zilpa aliomba ufunguo, akaliwasha na kulizungusha uani juu ya mawe. Ga-ga-ga-ga. Meno yaligongana. Bibi alikuwa hajatia chumvi.

Akazima, akatandika kanga chini, akaingia uvunguni. Matope yalikuwa yamejaa, akayakwangua kwa bisibisi. Chini ya matope springi za nyuma zilikuwa mpya, majani mazito ya chuma yamepangwa moja juu ya jingine, mengi kuliko gari dogo kama lile linavyostahili. Juu ya kila nati ya kuzikaza, mtu alikuwa amepaka mstari mwembamba wa rangi ya kijani, kusudi nati ikilegea mstari uonekane umevunjika. Hiyo ni alama ya fundi anayejipenda. Gari lingine lolote angelisahau. Hili alilitia sahihi.

"Afande, hata chakula unakula huko chini?"

Alitoka akijipangusa. Alikuwa Mseti, kaka yake Marwa, mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye mashine ya kusaga kule Nkende. Wazazi wao walipokufa Mseti ndiye aliyemlea mdogo wake, akamlisha, akamnyoa, akampeleka shule. Tangu Marwa awekwe mahabusu alikuwa akija kila mchana na hotipoti mbili. Moja ya mdogo wake.

"Na hii ni yako," alisema. "Ugali wa ulezi na samaki. Nimesikia Wajaluo bila samaki mnaugua."

Kanuni ilikataa, tumbo lilikubali. Zilpa alipanga chumba na sebule Nkende na alikuwa akila amesimama, sufuria mkononi, kwa sababu kuandaa meza kwa mtu mmoja kulimtia uchungu. Mtaani watu waliisalimia sare yake. Ikiwa kwenye kamba ya kuanikia, hakuna aliyemjua. Miaka yote hiyo Tarime, Mseti alikuwa mtu wa kwanza kumuuliza kama amekula. Ilimgusa, na hakuwa na sababu ya kujifichia hilo.

"Ahsante, tata Mseti," alisema, akimwita kwa heshima ya Kikurya.

"Watamwachia?"

"Kama hana kosa."

"Hana. Yule hawezi." Macho yake yalilowa, na machozi yalikuwa ya kweli, Zilpa alikuwa ameona ya uongo ya kutosha kujaza pipa. "Kesho wanamtaja, afande. Fanya haraka."

Akaenda kumkabidhi askari wa zamu hotipoti ya kwanza, akatoka getini. Alipita karibu kabisa na pikapu, hakuigeuzia hata shingo. Zilpa alikaa kwenye ngazi akala samaki, na aliikumbuka shingo ile baadaye tu, alipokuwa hana tena hamu ya kula.

*

Gereji za Tarime ni nyingi, lakini mafundi wenye rangi ya kijani ni wachache. Mmoja alikuwa na nyekundu, wengine hawakupaka chochote zaidi ya grisi. Saa nne asubuhi ya siku ya pili, siku yenyewe ya iritongo ambayo wazee huianza jua likishapoa, Zilpa aliiendesha pikapu taratibu hadi kwenye gereji iliyo pembeni kidogo mwa Nkende. Lango lake lilikuwa kijani kibichi, limepakwa karibuni, mpaka majani ya ukoka chini yake yalikuwa na matone ya rangi.

Aliliacha gari nje, nyuma ya ukuta, akaingia kwa miguu. Alikuwa amevaa gauni.

Mwenye gereji, Ezekiel, alifundishwa kazi Migori, ng'ambo ya mpaka, na hakumwacha mtu yeyote asahau hilo. Alikuwa na ovaroli safi kuliko ya daktari.

"Nyaminwa, dada yetu, karibu. Gari ina shida gani?"

"Pikapu. Nikipakia inakaa chini nyuma. Nataka iinuke."

"Unataka kuinua ama unataka kukaza?"

"Si ni kitu kimoja?"

Zilpa alijua jibu. Lakini mpelelezi anayejua kila kitu haambiwi kitu.

"Aaa-a! Hapo ndipo watu wanapotea." Ezekiel alivuta kiti cha plastiki, akampa. Alikuwa amepata mtu wa kumsikiliza na uso wake uling'aa. "Sikiza. Kuna kipande cha chuma tunaweka kati ya springi na ekseli. Gari inapanda juu, unaonekana bosi. Lakini springi ni ile ile laini. Ukipakia inakaa kama kawaida. Hiyo ni kuinua bila kukaza. Ni ya vijana."

"Shokapu je? Nikiweka kubwa?"

"Shokapu hainyanyui gari. Inaizuia tu isicheze. Anayekuuzia shokapu ati gari itapanda, huyo ni mwizi, mwite polisi."

"Nitamwita."

"Sasa ukitaka kukaza, unaongeza jani kwenye springi. Moja, mawili. Ama unatoa springi yote unaweka seti nzito. Hapo ukipakia gari haishuki. Lakini ikiwa tupu," alichezesha bega juu na chini, "itakuvunja meno. Inagonga kila kitu. Ndiyo maana mimi namuuliza mteja, unabeba kila siku ama mara moja moja? Kama ni mara moja moja, chukua mpira wa hewa. Unakaa katikati ya springi. Ukipakia unajaza upepo, ukishusha unatoa, gari inakuwa laini kama godoro. Na mbele tunakaza kidogo, pua isikae chini kuliko mkia. Wewe unabeba nini?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe wanahama. Wote wakisimama upande mmoja, gari inalala. Kwa ng'ombe kaza."

"Hata wakilazwa, wamefungwa miguu?"

"Hao ni mzigo kama mwingine. Gari iko wapi nitazame?"

Walitoka nje. Ezekiel aliizunguka kona ya ukuta akiwa bado anazungumza, akaiona pikapu, na maneno yakamkatikia mdomoni. Hakuhitaji kuingia uvunguni.

"Hiyo rangi kwenye nati," Zilpa alisema, "inafanana sana na lango lako. Mimi ni Inspekta Oduol."

"Afande, mimi natengeneza gari. Sitengenezi wezi."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja na gauni. Nieleze kuhusu mteja wa hili."

Fundi alijifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. Kiburi cha Migori kilikuwa kimepungua, lakini hakikuisha. "Yule alinishangaza. Mteja wa kawaida, ukimaliza kazi, anaingia ndani, anaendesha mpaka lami, anarudi analia mgongo. Huyu hakuendesha hata kidogo. Alisema, pakia mawe. Tukapakia mpaka bodi ikajaa. Akaenda mbali, pale kwenye ule mti, akachuchumaa chini."

"Akachuchumaa?"

"Hivi." Ezekiel alichuchumaa, shingo ameinamisha kando, kama mtu anayechungulia chini ya mlango. "Akaniambia nisogeze gari polepole kuja kwake. Akasema, bado unashuka, ongeza jani. Nikaongeza. Akachuchumaa tena. Bado. Nikamwambia mzee, tupu haitakalika hii, nikuwekee mpira wa hewa, utajaza tu ukishapakia. Akauliza unajazwa na nini. Na pampu. Akasema hapana, pampu ina kelele. Nikajiuliza huyu anapakia wapi, wodini?"

"Akaridhika lini?"

"Mkia ulipokataa kushuka. Nikiweka mawe, nikitoa mawe, pale pale. Hapo akacheka, akanishika mkono."

"Jina lake."

Ezekiel alitazama lango lake jipya. "Ni mtu mzuri, afande. Anamsaidia kila mtu hapa."

"Jina."

"Tata Mseti. Wa mashine ya kusaga."

Zilpa aliingia ndani ya pikapu akafunga mlango, akakaa na mikono juu ya usukani bila kuiwasha. Iliuma, na iliuma kwa sababu ya kijinga, hotipoti ya samaki. Kisha kazi ikamrudia, kama inavyowarudia watu wasio na mahali pengine pa kwenda. Alijiuliza swali moja tu: kwa nini mtu aende kwenye shida yote hii, majani juu ya majani, mawe yapakiwe na kushushwa, kwa ajili ya jicho la mlinzi mmoja? Jibu lilipokuja lilikuwa limebeba uhuru wa Marwa mkononi. Na mkono wa pili ulikuwa na kitu kingine.

*

Mchana huo aliagiza Marwa aletwe kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, aliyekaa kwenye benchi kana kwamba anaogopa kulichafua. Nje, kwenye korido, Mseti alikuwa tayari amefika na hotipoti zake. Zilpa alimwitikia salamu bila kumtazama usoni, akawaambia askari wawili wasiondoke karibu naye, akafunga mlango.

"Marwa. Hii habari ya kutazama mkia, ulimweleza nani?"

"Walinzi wenzangu."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna. Ni siri ya zamu."

"Fikiria."

"Labda kaka. Pasaka, tulikuwa tunakula kwake. Watoto walikuwa wanacheka, nikasimama nikawaonyesha vile nachuchumaa na tochi." Alianza kutabasamu. Tabasamu halikufika mwisho. "Afande, kwa nini unauliza?"

Akamweleza. Hakupamba. Gereji, mawe, mti, mtu aliyechuchumaa na kuinamisha shingo kando. Pampu iliyokataliwa kwa kelele zake. Marwa alisikiliza akiwa ametazama sakafu, na Zilpa alipotaja shingo iliyoinamishwa, kijana alifumba macho.

"Dereva alikuwa mtu wa kukodi, usingemjua," alimalizia. "Gari alilificha mjini, hukuwahi kuliona. Na zamu yako aliijua."

"Andika kwamba nilikula," Marwa alisema.

"Ulikula nini?"

"Andika tu. Dereva alinipa hela, nikainua gogo. Nitaweka dole gumba."

"Utatengwa."

"Nikitengwa mimi anatengwa mtu mmoja. Sina mke, sina mtoto. Yeye ana watoto, afande. Wale watoto wakipita njiani hakuna atakayewaitikia. Yeye ndiye alinilea. Nilikuwa nalala mgongoni kwake mashine ikisaga."

"Siwezi kuandika hivyo, kwa sababu si kweli, na gari lenyewe linakataa." Zilpa alisogeza kiti. "Nisikilize vizuri. Mlinzi anayehongeka hahitaji springi. Unampa chake, anainua gogo, hata kama mkia unaburuzwa chini. Mbalibali nzima inaamini ulikula. Mkuu wangu anaamini. Mtu mmoja tu alikuwa na hakika kwamba huwezi kula, hata akaona heri aunde gari zima kuliko kukuuliza."

Mashine ya mtu ilikuwa inakata vyuma mahali fulani nyuma ya kituo, ikanyamaza, ikaanza tena.

"Angeniomba," alisema hatimaye, "ningemkatalia."

"Alijua."

"Kwa nini alifanya?"

"Hilo nitamuuliza yeye. Leo jioni wazee wanakaa, na mimi nitakwenda kuwaambia niliyoyakuta. Wewe utakuwa huru."

"Hapana, usiwaambie wewe." Marwa aliinua kichwa. Alikuwa amefikiri, na uso wake ulikuwa umezeeka kidogo kwa kufikiri huko. "Mtu wa nje akimtaja, inatengwa nyumba yote. Mke, watoto, wote. Lakini nyumba ikimtoa mtu wake kwa mdomo wake wenyewe, anatengwa yeye peke yake. Ndiyo sheria yetu. Wazazi hawapo. Nimebaki mimi."

"Utasimama mbele ya watu umtaje kaka yako?"

"Nitamtaja."

"Na baada ya hapo?"

"Aliyemtaja ndiye wa kwanza kumnyima salamu. Simwitikii tena. Akiwa gerezani siendi. Akifa, natazama upande mwingine." Aliyasema yote kama mtu anayesoma masharti ya kazi. Halafu akauliza, "Yuko hapo nje?"

"Yuko."

"Anajua?"

"Hajui."

"Naomba kumsalimia."

Zilpa alipaswa kukataa. Mtuhumiwa na shahidi, chumba kimoja, kabla ya maelezo kuchukuliwa: hakuna kitabu cha polisi kinachoruhusu. Alisimama akafungua mlango.

Mseti aliingia na hotipoti mkononi, akaangaza macho, akamwona mdogo wake amesimama wima bila pingu. Furaha ilimjaa usoni, furaha ya kweli, na hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuitazama. Marwa alimwendea. Alishika mkono wa kaka yake kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa, akamsalimia kwa Kikurya, salamu ya mdogo kwa mkubwa wake.

Zilpa alikuwa amekaa nao muda wa kutosha kuyafuata maneno. Marwa aliuliza habari za watoto, mmoja mmoja kwa jina. Aliuliza mke kama mguu umepona. Aliuliza mashine, na mkanda wa mashine, na yule ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba. Akauliza mvua ya Nkende, mahindi, jirani mgonjwa. Mseti alijibu yote akicheka, akitikisa mkono, akimtupia Zilpa jicho la shukrani juu ya bega la kijana. Askari wawili walikuwa wamesogea mlangoni. Zilpa aliwazuia kwa kiganja.

Salamu za Wakurya ni ndefu, lakini zina mwisho. Maswali yaliisha. Mseti akataka kuutoa mkono wake afungue chakula, Marwa hakuuachia. Alitafuta kitu kingine cha kuuliza, hakukipata, akarudi mwanzo, akaanza tena na watoto.